Mistari Miwili

Kabla sijashika kipimo cha corona kwa mkono wangu, nilikuwa nimeshaandika insha kumi na moja kuhusu vipimo vya corona. Hazina jina langu. Zina majina ya wanafunzi wa unesi wa Marekani na Uingereza ambao sijawahi kuwaona, waliozipeleka kwa walimu wao wakapata alama, na mimi nikapata shilingi 300 kwa ukurasa, mteja akiwa mzuri. Kama unaishi Nairobi na una rafiki mwenye laptop na macho mekundu asubuhi, unaijua hii kazi. Sitaitetea. Ndiyo iliyokuwa inalipa kodi.

Niliianza Aprili 2020, mwezi mmoja baada ya shule na vyuo vyote kufungwa. Nilikuwa mwaka wa pili. Tuliambiwa tutoke hosteli, nikabeba godoro na sufuria nikidhani ni wiki tatu hivi. Vyuo vilipokuja kufunguliwa nilikuwa na deni la karo, masomo ya mtandaoni yalikuwa yanakula bando kuliko vile mimi nilikuwa nakula chakula, na kulikuwa na mteja mmoja ananipa kurasa ishirini kwa wiki. Hakuna siku niliamka nikasema leo naacha chuo. Niliacha tu vile mtu huacha kunyoa ndevu. Nyumbani sikusema. Mama akiulizwa na watu wa kanisa, alikuwa anajibu, "Anasomea kwa mtandao," na mimi nikaliacha jibu hilo likae hivyo, kwa sababu kwa namna fulani halikuwa uongo. Nilikuwa nasoma kwa mtandao kila siku. Tatizo ni kwamba digrii zilikuwa za watu wengine.

Kwa hivyo nilikuwa najua hivi vipimo vile mtu anayeosha ndege anajua ndege. Ningekueleza ukitaka: unaingiza kijiti cha pamba puani, unakikoroga kwenye maji ya dawa, unadondosha matone kwenye kishimo cha kile kiplastiki, maji yanapanda juu ya karatasi ya ndani. Kama kuna protini ya virusi, inashikwa na chembe zenye rangi na kukwama pale kwenye herufi T. Mstari wa C unatokea hata kama hauna ugonjwa, ni wa kuonyesha kwamba kipimo chenyewe kinafanya kazi. Usipotokea, tupa, anza upya. Mstari wa T ukitokea, hata kama ni hafifu kiasi gani, unao. Hiyo sentensi ya mwisho niliiandika kwa namna kumi na moja tofauti ili programu za kunasa wizi wa maandishi zisiniguse.

Na kulikuwa na namba mbili nilizokuwa nazitumia kila mara, kutoka kwa mapitio ya Cochrane ya Machi 2021, yaliyokusanya tafiti nyingi za vipimo vya haraka. Kwa watu wenye dalili, vipimo vilikamata wastani wa asilimia 72 ya walioambukizwa. Kwa wasio na dalili, asilimia 58. Maana yake, mtu akiwa ameambukizwa na hajaanza kukohoa, kipimo kinaweza kumwambia yuko sawa na kumwacha aende zake. Wahadhiri wa Marekani walikuwa wanapenda sana hiyo namba. Kila nikiiweka, mteja anarudi kuniambia amepata A.

Ziweke hizo namba mahali, nitazirudia.

Sasa, mistari miwili haikuwa kitu kigeni kwetu. Kizazi chetu kimekua kikiogopa mistari. Kuna ile ya mimba, ya kununua kwa duka la dawa ukijifanya umetumwa. Kuna ile ya virusi vya ukimwi, ya kupangusa ufizi, ambayo ilianza kusambazwa Kenya 2017. Pale hosteli mmoja wetu alikuwa nayo chini ya kitanda wiki mbili bila kuifungua. Jioni moja akatuambia watatu tuliobaki, "Wasee, mnaweza toka kidogo?" Tukatoka. Tukakaa kwa ngazi dakika ishirini bila mtu kusema kitu, na sisi si watu wa kunyamaza. Alipofungua mlango alisema tu, "Nani ana njaa?" tukaenda kula chapati, na hadi leo sijui alipata mstari mmoja ama miwili. Hakuna aliyemuuliza. Nilidhani huo ndio upendo.

*

Anti yangu, dada mdogo wa mama, anafanya kazi ya kulea wazee Uingereza. Alikuwa hajaja nyumbani tangu 2018. Tarehe 9 Aprili 2021, siku ileile Uingereza ilipoanza kuwapa watu wake wote vipimo vya bure vya kujipima nyumbani mara mbili kwa wiki, ndiyo siku iliyoiweka Kenya kwenye orodha yao nyekundu. Ukitoka huku ilikuwa ukae hoteli siku kumi kwa gharama yako. Kwa hivyo anti akawa ana vipimo vingi kuliko anavyohitaji na hawezi kuja kuona mama yake. Orodha hiyo tulitolewa 22 Septemba. Desemba akakata tiketi.

Alikuja na masanduku mawili. Kwa moja kulikuwa na vitu vya kawaida vya mtu wa ng'ambo: chokoleti, soksi, mafuta, viatu vya saizi ya kukisia. Kwa lingine, chini ya makoti, kulikuwa na boksi saba za vipimo, kila boksi vipimo saba. Alizigawa kwa kila nyumba ya familia kabla hata hajatugawia chokoleti. Wajomba walicheka. Mmoja akauliza kama hiyo ndiyo zawadi.

Anti hakucheka. Yeye alikuwa ndani ya nyumba ya wazee 2020. Haongei juu yake. Mara moja tu, kwa simu, aliniambia kulikuwa na korido ambayo majina yalibaki milangoni na vyumba havikuwa na watu, na kazi yake wiki hiyo ilikuwa kukunja nguo na kuziweka kwenye mifuko. Kwa hivyo alipotuma ujumbe kwa grupu ya familia ya WhatsApp kwamba hakuna mtu atakanyaga kwa shosho tarehe 26 bila kutuma picha ya kipimo, na tarehe iandikwe kwenye karatasi kando yake, mimi nilimwelewa. Wengine waliweka kile kidole gumba na kunung'unika pembeni. Ilikuwa Krismasi ya kwanza bila kafyu tangu ugonjwa uingie. Watu walikuwa wanataka kula nyama.

Shosho ana miaka 84. Anaishi Ol Kalou, ana ng'ombe watatu na viazi, na huwa anatuita mmoja mmoja kwa majina ya watu waliokufa kabla ya kufika kwa jina lako.

Wiki hiyo Nairobi nzima ilikuwa na mafua. Unakumbuka. Kila mtu alikuwa anasema ni homa tu, ni vumbi, ni hali ya hewa. Kondakta anakohoa, dereva anakohoa, abiria wanafungua dirisha kidogo kisha wanalifunga kwa sababu ya baridi. Omicron ilikuwa imeshaingia, lakini kwenda kupimwa hospitali ya kibinafsi ilikuwa pesa, na pesa ilikuwa ya Krismasi. Jumanne tarehe 21 niliamka na koo kama nimemeza msumari.

*

Tulikuwa tunaishi Kahawa West, mimi na dada yangu mdogo, kwa chumba kimoja chenye pazia katikati. Upande wa dirisha ni wake, upande wa mlango ni wangu. Choo ni cha watu wa ghorofa yote. Yeye anasuka nywele kwa saluni huko Zimmerman, na Desemba ndiyo mwezi wake. Kichwa kimoja kilikuwa kinamwachia 800 mwenye saluni akishachukua yake, na wiki ya Krismasi alikuwa anaweza kusuka viwili kwa siku, hata vitatu akipata wa kumsaidia. Kodi ya Januari ilikuwa kwa vidole vyake. Yangu ya Desemba haikuwa imekamilika, maana wanafunzi wa ng'ambo wakifunga shule, mimi nalala njaa.

Usiku huo, alipofika saa tatu, nilimwambia tupime. Nilisafisha stuli, nikatandika karatasi, nikaweka simu na saa ya dakika kumi na tano. Nilikuwa najisikia kama mpishi aliyeandika vitabu vya mapishi na hajawahi kuwasha jiko. Kijiti kikiingia puani macho yote mawili yanatoa machozi, hilo sikuwa nimeliandika kwenye insha hata moja. Dada yangu alipiga chafya mara nne na kunilaumu.

Dakika ya tano, mstari wa C ukatokea kwa vyote viwili. Tukapumua. Nikaweka chai. Nilikuwa nimejiambia sitaangalia hadi saa ilie, nikaangalia kila dakika.

Cha kwake kilikuwa na mstari mmoja. Cha kwangu, pale kwa T, kulikuwa na kitu. Sio mstari hasa, ni kama kivuli cha mstari. Ukikiweka sawa hukioni, ukikiinamisha kwa tochi ya simu unakiona.

"Mimi sioni kitu," dada yangu akasema.

"Angalia hapa."

"Naangalia. Sioni."

"Ni hafifu, lakini uko."

"Basi ni wewe unautaka."

Hilo lilinichoma kwa sababu kulikuwa na ukweli ndani yake. Ol Kalou tarehe 26 kungekuwa na wajomba watatu, na wote wangeniuliza swali moja: unamaliza lini? Wenzako tulioanza nao si wanavaa zile kofia mwaka ujao? Kuna sehemu yangu iliyokiona kile kivuli cha T na kushukuru Mungu. Na kuna sehemu iliyokuwa inajua ile sentensi niliyoiandika mara kumi na moja. Hata kama ni hafifu kiasi gani.

Nikapima tena, kwa kipimo kipya. Safari hii mstari ulitokea wazi kabla chai haijapoa.

Tulikaa kimya. Hapo ndipo unajua tofauti ya kupimwa na kujipima. Kliniki kuna mtu wa koti jeupe, anakuambia, anakuandikia, anakupa karatasi, na ukitoka unaweza kumkasirikia. Serikali inajua, kwa hivyo wewe unapewa tu maagizo. Nyumbani hakuna mtu. Ni wewe na stuli na plastiki ya saizi ya kidole, na pipa la takataka liko hapo hatua moja. Ungeweza kuitupa. Hakuna mtu duniani angejua, na kesho ungepanda matatu Nyamakima kama kila mtu.

"Usitume," akasema dada yangu.

"Lazima nitume. Kuna shosho."

"Sikusemei usitume yako. Sema huendi. Lakini ukituma hiyo, watauliza mimi nalala wapi." Alikuwa ameanza kufungua zile nywele alizokuwa amezifunga, anazifungua na kuzifunga tena. "Nina vichwa vitano nimeshachukuliwa depoziti. Mmoja ni bibi arusi."

"Unaweza kuwa nayo."

"Kipimo kimesema sina."

Na hapo ndipo zile namba mbili zilipaswa kutoka kinywani mwangu. Hamsini na nane. Unalala mita mbili kutoka kwangu, huna dalili, kipimo kimoja cha leo hakikutoi popote. Nilikuwa nimeieleza hiyo kwa watu wa Ohio, wa Texas, wa Manchester, kwa Kiingereza safi, na mifano. Nilifungua mdomo, nikaangalia vidole vyake, vilikuwa vimevimba kwenye viungo kama kawaida ya Desemba, nikasema, "Sawa."

Tulitunga hivi: nitatuma picha yangu, na tutasema yeye amekuwa akilala kwa rafiki yake Roysambu tangu Jumapili kwa sababu ni karibu na kazi. Uongo ulikuwa mdogo, hata ulitoshea kwa mstari mmoja wa ujumbe. Anti alijibu kwa haraka: pole sana, kunywa maji, asante kwa kuwa mkweli.

*

Siku za kujitenga kwa chumba kimoja haziwezi kuelezwa kwa insha ya unesi, ingawa niliwahi kujaribu. "Mgonjwa abaki kwenye chumba chake na atumie bafu tofauti." Mimi nilikuwa natoka kwenda choo saa tisa usiku na chupa ya jiki chini ya koti kama mwizi. Mlinzi wa ploti aliniuliza kama kuna shida, nikamwambia tumbo. Bado tulikuwa na kumbukumbu ya 2020, watu wakichukuliwa kwa ambulensi na majirani wakipiga video, watu wakikaa karantini na kuambiwa walipie. Hata kama mambo yalikuwa yamebadilika, kichwa hakikuwa kimebadilika.

Dada yangu alikuwa anaondoka saa kumi na mbili asubuhi na barakoa mbili. Usiku nilikuwa namsikia nyuma ya pazia akijifukiza kwa ndimu na majani ya mkaratusi, na moshi wote unakuja upande wangu. Alijipima tena tarehe 24 usiku. Mstari mmoja. Nilimshikia tochi, tukainamisha kila upande, mmoja tu. Akapiga picha kwa karatasi ya tarehe, akaipeleka kwa grupu, na asubuhi ya Krismasi akaenda.

Kwa picha za tarehe 26, shosho yuko katikati na leso mpya. Kila mtu amemkaribia. Dada yangu ndiye amemsuka, mistari midogo inayorudi nyuma, unaweza kuona kazi nzuri hata kwa simu. Kusuka kichwa cha mtu ni kukaa juu yake masaa mawili, pumzi yako iko kwenye shingo yake. Niliitazama hiyo picha nikiwa kitandani na paketi ya mkate hadi simu ikazima.

Tarehe 31 mama akapiga simu kunitakia mwaka mpya. Akasema shosho ana kikohozi. Ni baridi ya Ol Kalou tu, akasema. Halafu akampa shosho simu. Sauti yake ilikuwa imekauka. Aliuliza kama nimekula, akanibariki, akanilaumu kwa kutokuja, na katikati ya hayo akasema, kama mtu anayelalamikia duka, kwamba siku hizi majani ya chai wanayouza hayana ladha. Yote ni maji moto.

Nilisikia. Mama alikuwa kando yake, alisikia. Kwa spika, naamini na wajomba walisikia.

Kule kwa shosho kulikuwa na boksi mbili nzima ambazo hazijafunguliwa. Anti alikuwa ameziacha kwa kabati la vyombo, kando ya zile sahani za wageni. Yeye mwenyewe alikuwa ameshateremka Nairobi kujiandaa na safari, na hapo kuna kichekesho: Uingereza wakati ule ilikuwa inataka kila anayeingia apimwe kabla ya ndege, na vile vipimo vyake vya bure havikubaliki, kwa hivyo alilipa pesa Nairobi kupata karatasi yenye muhuri. Ilisema hana. Usiku huohuo aliandika kwa grupu: "Mmempima Mama?"

Alama za buluu zikawaka kwa kila mtu. Watu kumi na saba. Mama ndiye alijibu, baada ya saa nzima: "Ni baridi tu."

Nimefikiria sana kile kimya. Mwanzoni nilidhani ni ujinga, kisha nikadhani ni kutojali, na sasa najua haikuwa yoyote kati ya hizo. Kumpima shosho kusingemsaidia sana shosho, alikuwa tayari anapewa uji na kufunikwa, na mjomba alikuwa amezungumza na daktari wa mjini. Kungetuambia tu kwamba kuna mtu alimletea. Na ukishajua kuna mtu, lazima ujue ni nani. Wengine wangesema ni anti, si ndiye ametoka majuu. Nadhani mama alikuwa analinda dada yake. Wale wa Nakuru walikuja na watoto wenye makamasi. Na mimi nilikuwa nalinda dada yangu, ama nilikuwa najilinda, kwa sababu yeye alikuwa ameamini kipimo na mimi ndiye niliyekuwa na namba. Kila mtu kwenye ile grupu alikuwa na sababu ya kuacha lile boksi lifungwe. Ni kama wale watatu tuliokaa kwa ngazi, isipokuwa sasa aliyekuwa ndani ya chumba alikuwa na miaka 84.

Dada yangu hakunisemesha juu yake hadi katikati ya Januari. Alikuwa anaosha sahani, akasema bila kugeuka, "Kwani hivyo vitu huwa vinakosea?"

Nikamwambia huwa vinakosea.

"Mara ngapi?"

Nikamwambia.

Alisuuza sahani moja kwa muda mrefu sana. "Na ulikuwa unajua?" Sikujibu, na hakuuliza tena. Mwisho wa mwezi huo alihamia Zimmerman, karibu na kazi. Tunaongea, tunatumiana pesa, hatujagombana. Lakini pazia nililitoa na chumba kikawa kikubwa kuliko nilivyotaka.

Mwezi huohuo Marekani ilianza kutuma vipimo vinne kwa kila nyumba kwa njia ya posta, na wateja wangu wakarudi na maswali mapya kuhusu usahihi wake. Nilichukua kazi moja. Nilipofika kwa aya ya asilimia nilifunga laptop nikairudisha kazi. Usidhani ni dhamiri kubwa, wiki iliyofuata niliandika kuhusu kisukari.

*

Shosho alipona. Ilichukua karibu mwezi mzima, na mama anasema hata sasa akipanda kile kilima cha kwenda kwa ng'ombe anasimama katikati. Lakini alipona, na Pasaka ya 2022 nikapanda gari kwenda Ol Kalou peke yangu, nikiwa nimejipima asubuhi na kipimo cha mwisho cha boksi letu. Mvua ilikuwa imeanza. Nilimkuta shambani na fimbo anawaelekeza vibarua wa viazi vile wanakosea.

Aliniita jina la babu, kisha la mjomba aliyekufa, kisha langu. Tukaingia jikoni. Nilipofungua kabati nitoe kikombe, boksi mbili zilikuwa palepale kando ya sahani za wageni, na plastiki yake juu.

Shosho aliniona nikiziangalia.

"Hizo ndizo zilikuzuia kuja Krismasi," akasema kwa Kikuyu.

"Ndio, shosho."

"Ulikuwa mgonjwa?"

"Kidogo."

"Na mimi nilikuwa na hiyo?"

Nikamwambia hatukupima. Akasema anajua, yeye ndiye alikuwa kitandani. Alikuwa anaona watu wakiingia na kutoka jikoni, na kila mtu akifungua kabati anachukua kikombe. Hakusema kwa ubaya. Akakaa kwa kiti chake karibu na moto na kufunga leso vizuri.

"Mnaniogopa mimi ama mnaogopana?"

Nilisema sijui, jambo ambalo halikuwa kweli.

"Lete nione vile inafanywa."

Nikamwambia sasa haina maana, shosho, miezi imepita, haiwezi kuonyesha ya wakati ule. Akasema ameelewa, yeye si mtoto, anataka tu kuona. Basi nikaosha mikono, nikavunja boksi. Nilimwingizia kile kijiti polepole, mkono wangu mwingine nyuma ya kichwa chake, kwenye zile nywele zilizokuwa zimesukwa upya na mtu mwingine. Hakupiga chafya. Alifunga macho tu kama anayeombewa. Nikakoroga, nikadondosha matone manne, nikaweka plastiki kwenye meza na simu kando yake.

"Inachukua muda gani?"

"Hadi dakika thelathini."

"Hata chai inaiva haraka," akasema. Akaniuliza bei ya unga Nairobi. Akaniuliza kama dada yangu anakula vizuri, nikasema ndio. Moto ulikuwa unatoa moshi, kuni zilikuwa mbichi. Kisha akaniangalia kwa lile jicho lake zuri.

"Na shule?"

Kulikuwa kumebaki dakika kumi na nane. Mstari wa C ulikuwa umeshatokea.

"Niliacha, shosho."

"Lini?"

"Wakati wa corona. Mwanzoni kabisa."

Akahesabu kwa vidole. "Hiyo ni miaka miwili."

"Ni miwili."

"Mama yako anajua?"

"Hajui."

Akanyamaza. Alichukua kuni moja akaisukuma ndani, akapuliza, akakohoa kidogo, na mimi nikashtuka kwa kile kikohozi, naye akaniona nikishtuka. Nje mmoja wa vibarua alikuwa anamwita aje aone mbegu zimeisha. Hakuitikia. Tulikaa hapo sote wawili tukiangalia ile plastiki hadi simu ikalia.

"Ni mmoja?" akauliza. Macho yake hayaoni vitu vidogo.

Nikaiinamisha kwa mwanga wa mlango, upande huu na upande ule.

"Ni mmoja, shosho."

Akaipokea, akaigeuza, akaenda kuiweka dirishani kando ya redio. Kisha akaniambia nikaingize kuni kabla hazijanyeshewa tena, na nikirudi nimpigie mama yangu simu, yeye atakuwa amekaa papo hapo.